Mlima Umetoka

Mimi ni mtu wa haraka. Chai naimeza ikiwa ya moto, sala naimaliza kabla ya mchungaji, na mtu akinisimulia jambo kwa kuzunguka namkatisha nimwambie afike mwisho. Mama anasema nilizaliwa kabla ya siku zangu na sijawahi kutulia tangu hapo. Utulivu wote wa nyumba ile alipewa mdogo wangu wa kiume, kitindamimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyebaki kwenye kihamba cha baba, shamba la ukoo lenye nyumba, na kukaa na mama. Sina ndugu mwingine. Haya ninayoyaandika ni habari ya jinsi nilivyokaribia kumpoteza, ingawa udongo ule haukumfukia yeye.

Mwaka ule masika yalikuja kama kawaida, halafu yakasahau kuondoka. Nina chumba cha kushonea nguo Pasua, huku chini Moshi mjini, mlango wangu unatazama barabara ya vumbi ambayo wiki ile ilikuwa mto. Wateja hawakuja. Nilikaa kwenye cherehani nashona pindo ambalo nilishalishona, nalifumua, nalishona tena. Nikisikia mvua imepungua natoka nje, nikisikia imeongezeka naingia ndani, mpaka jirani yangu muuza mkaa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimjibu vibaya. Baadaye nilimwomba radhi, naye akasema hata yeye angenijibu vibaya.

Kilichokuwa kinanisumbua ni mlima. Sisi wa Moshi hatuulizani kama mvua imekwisha, tunaulizana kama mlima umetoka. Mawingu yakiufunika tunasema umejificha, yakipasuka na kilele cha Kibo kikaonekana cheupe pale juu tunasema umetoka. Mwenye nguo za kuanika anauliza, mwenye kahawa ya kukausha anauliza, mwenye wageni wa kupandisha anauliza. Ni salamu zaidi ya habari. Wiki nzima na siku kadhaa juu yake mlima haukuwa umetoka, na nilikuwa nalala na kuamka na swali hilo hilo.

Nilikuwa nampigia mama kila asubuhi. Kihamba chetu kiko juu, mahali ambapo migomba inashikilia mteremko kwa kucha, na nyuma ya banda la ng'ombe kuna ukingo mrefu uliosimama wima. Jumatatu mama aliniambia kuna ufa mdogo juu ya banda, unaingia kidole. Jumatano akaniambia unaingia mkono. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kunieleza bei ya majani ya ng'ombe.

"Mama, shuka uje Pasua," nilimwambia.

"Nikishuka nani atakaa na baba yenu?"

Baba amelala kihambani, chini ya mti wa kahawa aliouotesha mwenyewe, miaka tisa sasa. Hoja kama hiyo haina jibu, na mama anajua.

Ningepanda kumchukua mwenyewe. Ningepanda siku ile ile ya ufa wa kidole. Sikupanda kwa sababu ya wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mwaka mmoja nyuma, kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, nilisema mbele ya watu kwamba mama amezeeka na nataka kumhamishia mjini. Wifi alikuwa anagawa chakula. Hakugeuka hata, akasema, "Wengine wanatafuta mlinzi wa nyumba, wanamwita mama." Wanawake walicheka. Mimi nilijibu. Tangu siku ile hatukusalimiana, na mimi nikawa naonana na mama sokoni akishuka kuuza ndizi. Kihambani sikukanyaga. Nikiwaza leo naona aibu, lakini wakati ule niliona nina haki yote, na haki ikikolea moyoni inampa mtu kiburi cha ajabu.

Basi nilifanya lile nililoliweza nikiwa mbali. Jirani na chumba changu wanakaa vijana wa kupakia mchanga, wana lori, wana sepetu, wana mikono ya kazi. Nilizungumza na dereva wao, akakubali kwamba nikimwita ataacha kila kitu na kupanda. Halafu nikampigia mama nikamsisitizia kama mtoto wa darasa la kwanza: kukitokea lolote, unipigie mimi kwanza. Usihangaike na mwenyekiti, usihangaike na nani. Mimi kwanza. Nilimfanya arudie maneno hayo, na akarudia huku akicheka.

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika Pasua. Ilikatika ghafla, kimya kikaingia masikioni mpaka nikadhani yameziba. Nilikuwa na mabeseni matatu ya nguo zilizoanza kunuka uvundo, za kwangu na za wateja. Nilikuwa nazisuuza uani pale saa tatu, simu ikaita. Mama. Niliibana kati ya sikio na bega, mikono ina povu.

"Mwanangu," mama alisema, "mlima umetoka."

Halafu mtandao ukakwaruza. Nikasikia kama maji, nikasikia kipande cha neno, ikakaa kimya.

Nikasema kwa sauti ya kufurahi, na mpaka leo naikumbuka sauti hiyo neno kwa neno: "Mungu mkubwa! Tumshukuru Mungu, mama! Nilijua tu!"

Nikakata. Mtu wa haraka hangoji kuagwa. Nikachukua nguo.

Nilianika kwa saa mbili. Nilifunga kamba ya pili, na ya tatu nikaitoa kwenye dirisha la muuza mkaa kwenda kwenye mwembe. Niliimba. Sikuinua uso kutazama kaskazini hata mara moja. Ya nini, na mama alishaniambia? Ningeinua uso ningeona wingu lile lile limekaa pale pale, zito, na ningejiuliza mama ameuonaje mlima ambao mimi sioni.

Saa tano akapiga mzee wa kanisa wa usharika wetu wa juu. Alianza na "pole sana dada," akadhani najua. Ilibidi anieleze taratibu, nami kwa mara ya kwanza sikumkatisha mtu.

Sitaieleza safari ile. Lori lilifika mahali barabara ilipokuwa imekatika, tukashuka tukapanda kwa miguu, vijana wa mchanga na sepetu zao begani na mimi nyuma nikiwa na kandambili za uani. Nilikuwa naongea njia nzima. Nilikuwa nawauliza vijana wale kama mtu anaweza kupumua chini ya udongo, nikiwauliza tena kabla hawajajibu. Tulipita nyumba za watu ninaowajua, na haikuwa kwetu tu. Kwenye korongo la chini yetu walikuwa wanalia pia, ndiyo maana kwetu hapakuwa na wa kusaidia.

Nilipofika sikukijua kihamba. Ukingo wa nyuma ulikuwa umeshuka wote, umelifunika banda la ng'ombe na jiko. Migomba mingine ilikuwa imesafiri na udongo ikiwa imesimama vile vile, na mikungu yake, kana kwamba imehamishwa na mtu mwangalifu. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kanga kichwani. Mdogo wangu alikuwa ndani ya tope mpaka kiunoni na jembe lililokatika mpini. Aliniona. Akageuza uso.

Vijana walichimba. Saa nane walimpata wifi yangu bandani, ubavuni mwa ng'ombe, kamba ya ndama imemzunguka mkononi. Alikuwa ameenda kumfungua ndama. Nilimfuta tope usoni kwa kanga yangu, nikamwita wifi, kwa sauti, kama vile ugomvi wetu ulikuwa mchezo na sasa umekwisha. Mdogo wangu aliishika kanga ile, akainyang'anya taratibu, akaendelea kumfuta yeye mwenyewe.

Msibani watu waliuliza maswali kama watu wanavyouliza. Mama mmoja wa kwaya aliuliza mbona msaada wa mjini ulichelewa, si binti yupo Pasua? Mama yangu akajibu kabla sijafungua mdomo: "Mtandao haukuwepo." Alisema hivyo mara tatu kwa watu watatu, akiwatazama usoni. Mama yangu, ambaye alinichapa nilipodanganya kuhusu yai. Nilijua ananifichia saa mbili zangu, na moyo wangu mwoga ulifurahi kufichiwa.

Lakini mdogo wangu alijua simu ilipigwa. Niliona kwa jinsi alivyokuwa. Akinikaribisha alisema "karibu" ile anayoambiwa mgeni. Nikiingia yeye anakumbuka majani ya kukata. Tukiwa mezani anazungumza nami kupitia kwa mama: mwambie dada chai ipo, mwambie dada mvua inakuja aondoke mapema. Mtu ambaye nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, ambaye nilimfundisha kufunga kamba za viatu! Nilipanda kila Jumamosi na sukari na sabuni na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga njiani, na kila Jumamosi nilishuka nayo. Nilikuwa najiambia wiki ijayo. Nikirudi Pasua nashindwa kushona, nashindwa kukaa, naosha vyombo visafi. Nilikonda mpaka nguo zangu mwenyewe nikazipunguza.

Iliendelea hivyo mpaka kahawa ikaiva. Jumamosi moja nilifika nikamkuta mdogo wangu amekaa na mama nje, wanamenya ndizi. Hakuwa na pa kukimbilia, beseni lilikuwa limejaa na kisu kilikuwa mkononi. Sikukaa hata. Nikasema nikiwa nimesimama, mkoba begani:

"Siku ile mama alinipigia. Saa tatu. Mtandao ulikuwepo."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

"Ulikuwa unachimba."

"Nilikuwa nachimba, mama amesimama hapa," akaonyesha kwa kisu, hatua tatu hivi. "Sikio lake hilo halisikii, simu anapokea kwa spika siku zote. Nilisikia yote. Mama alikwambia, mlima umetoka, umemfukia wifi yako. Na wewe ukasema tumshukuru Mungu. Ukasema, nilijua tu."

Hapo nyuma nilipoandika kwamba wifi aliniambia neno na mimi nikajibu, sikuandika nilijibu nini. Niliruka. Sasa nitaandika. Mbele ya wanawake wote wale, sahani ya pilau mkononi, nilimwambia: "Siku utakayoondoka kwenye kihamba hiki, nitapiga magoti nimshukuru Mungu." Nilikuwa nimeshasahau. Kweli nilikuwa nimesahau kabisa, kama mtu anavyosahau ganda alilotupa njiani. Waliosikia hawakusahau.

"Halafu ukaja," mdogo wangu aliendelea. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Saa kadhaa zimepita, unakuja na vijana na sepetu. Nikasema moyoni, amekuja kuhakikisha."

Miguu yangu, ambayo haijawahi kukubali kukaa, ilikaa. Nilikaa chini kwenye maganda ya ndizi. Nikaanza kusema na maneno yakawa yanagongana mlangoni. Nikasema sikusikia. Nikasema nilisikia mlima umetoka, basi, pale pakakata. Nikasema mlima umetoka, jamani, mlima umetoka! Wiki nzima nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo!

Kisu cha mama kilisimama katikati ya ndizi.

Lazima nieleze. Mama hana neno maporomoko, hilo ni neno la redio, na ukingo ule wa nyuma ya banda kwake ni mlima tu. Kwake yeye kitu kilichokuwa mahali pake na sasa hakipo, kimetoka. Jembe likibaki na chuma bila mti, mpini umetoka. Na jino la mtoto likichomoza tunasema limetoka, na jino hilo hilo likidondoka miaka ya baadaye tunasema limetoka, na hakuna anayekosea, kwa sababu mtoto yupo mbele yetu na mdomo tunauona. Mimi sikuuona mdomo. Mimi nilikuwa uani Pasua na povu mikononi.

"Ulidhani Kibo," mama alisema polepole.

"Nilidhani Kibo, mama."

Ndipo nikaelewa jambo lingine, na hili liliniuma kuliko lile la kwanza. Nilimtazama mama.

"Na wewe ulidhani nimefurahi."

Mama hakukana. Alisema baada ya mimi kukata simu hakuweza kunipigia tena, mkono ulikataa. Aliiweka simu kwenye kanga akaenda kupiga kelele korongoni. Na msibani aliposema mtandao haukuwepo, hakuwa anaficha saa zangu mbili. Alikuwa anaficha sauti yangu. Hakutaka mtu yeyote ajue mwanawe alisema nini. Miezi yote ile alinipakulia chakula, alinifungia ndizi za kurudi nazo mjini, akaniombea toba kila asubuhi kwa jambo ambalo sikulitenda, na hakuniuliza hata siku moja. Nilitamani angeniuliza. Nilitamani mmoja wao angekuwa na haraka yangu walau kidogo, akanitukana siku ile ile, nikajibu, tukamaliza.

Mama aliinuka kwa kushika goti. Alivuka shamba hadi kwenye mpaka wetu na jirani, upande ambao haukushuka, na akarudi na jani la sale. Watu wa mlimani tunaotesha masale kuonyesha mwisho wa shamba, lakini jani lake lina kazi nyingine: mwenye kosa akilifunga fundo akamletea aliyemkosea, huyo hawezi kulikataa, hata kama ni kosa la damu. Kwa kawaida mdogo humletea mkubwa. Sijawahi kuona mzazi akimletea mtoto. Mama alilifunga fundo akiwa anatembea, akanisogezea kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye mama yake.

"Mama, usifanye hivyo," nilisema.

"Pokea."

Nikapokea. Nililia kwa sauti ya kuaibisha, ya mtoto. Nilidhani tumefika mwisho, maana mimi napenda kufika mwisho. Nikawaambia na zile saa mbili zote, kamba ya pili, kamba ya tatu, kuimba, nisibaki na kitu. Mama alitikisa kichwa tu. Mdogo wangu alikuwa ameuweka mkono wake machoni.

"Dada," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuniita mwenyewe bila kupitia kwa mama. "Uliposema vile kwenye simu, niliacha kuchimba."

Sikumwelewa.

"Nilikaa. Humo humo kwenye tope. Nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa nataka kuja Pasua nikuulize umefurahia nini. Sijui nilikaa muda gani, mama alirudi kutoka korongoni akanikuta nimekaa, jembe liko pembeni. Nikaanza tena. Sijamwambia mtu. Na mama hajamwambia mtu."

Nilitaka kumwambia isingebadilisha kitu, udongo ulikuwa mwingi, mtu mmoja na jembe la mpini mbovu. Ndivyo watu walivyoniambia mimi kuhusu saa zangu na haikunisaidia. Kwa hiyo sikusema. Nilijivuta pale chini mpaka kwenye magoti yake, nikamwekea jani lile la sale kiganjani, na fundo lake, bado lina joto la mkono wangu. Sikujua kama namwomba msamaha au namsamehe, na hakuniuliza. Alifunga vidole akalishika.